Mishahara miwili, kadi tatu na akiba ambayo haikuwepo

Kwa nje walionekana wameshatoboa. Jamaa anaendesha lori la mizigo, bibie ni nesi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Wana magari mawili na mapacha wa miaka minne, na sherehe ya Mbongo yeyote mjini hawaikosi, tena na sare wameshona. Wanaishi kusini magharibi mwa Houston, jimbo la Texas. Watanzania wa pale wanawaita Baba Mapacha na Mama Mapacha, na majina hayo yanatosha.

Kipato chao si cha kulalamikia. Baada ya makato yote, baba anaingiza dola 4,800 kwa mwezi, mama 4,000. Jumla dola 8,800, yaani zaidi ya milioni 20 za madafu. Ukimwambia mtu wa Bongo kwamba watu hawa walikuwa hawana akiba hata ya kununua tiketi moja ya ndege, atakuambia acha fiksi.

Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Utaratibu wao ulikuwa ule wa wanandoa wengi ambao wote wanafanya kazi. Baba analipa kodi ya nyumba, magari na bima. Mama analipa chakula, umeme, nguo na ada ya kituo wanakoshinda watoto. Kinachobaki ni cha mwenyewe, asiulizwe na mtu. Hawakuwahi kukaa chini wakakubaliana hivyo, ilijitokea tu mwaka wa kwanza wa ndoa, na kwa kuwa hakuna bili iliyokwama, hakuna aliyeona haja ya kuigusa. Kila mmoja alikuwa na kadi zake za mkopo kwenye pochi yake. Taarifa za mwezi zinaingia kwenye simu, hakuna bahasha inayokuja nyumbani, kwa hiyo hakuna anayejua mwenzake anadaiwa nini.

Siku waliyoamua kununua nyumba ndipo mambo yalipowekwa hadharani. Afisa mikopo, mama mmoja mpole tu, aliwaeleza kwamba kuna mkopo wenye dhamana ya serikali unaohitaji kianzio cha asilimia 3.5. Kwa nyumba ya dola 260,000 waliyoipenda, hiyo ni dola 9,100, ukiacha gharama nyingine za kukamilisha ununuzi. Halafu akauliza swali la kawaida kabisa: "Hicho kianzio kiko kwenye akaunti ya nani?"

Baba akamgeukia mama. Mama naye alikuwa tayari anamwangalia baba.

Miaka sita ya ndoa, kila mmoja aliamini mwenzake ndiye anayeweka akiba. Baba alijisemea, "Mimi nabeba kodi na magari, yeye majukumu yake ni madogo, lazima ana kitu pembeni." Mama alijisemea, "Huyu analipwa kuliko mimi, mwanaume hawezi kukaa bila akiba." Hapo ndipo penye mtego wa mishahara miwili. Mwenye mshahara mmoja anajua kwamba akiukosa amekwisha, kwa hiyo anaogopa. Mwenye mwenza anayelipwa anapata ujasiri, na ujasiri wenyewe unatokana na pesa ambayo hajawahi kuiona.

Afisa yule akaendelea. Marekani kila mtu ana alama zake za krediti, kuanzia 300 hadi 850, na wakopeshaji wanazitazama kabla ya kitu kingine chochote. Baba alikuwa na 688, mama 611. Mke na mume wanapoomba pamoja, kwa mkopo wa aina ile, inayobeba uzito ni alama ya aliye chini. Haijalishi huyo mwingine amejitahidi kiasi gani.

Kwa nini mama yuko chini? Kuna malipo ya kadi yaliyochelewa zaidi ya siku 60. Na baba, ambaye hajawahi kuchelewa, kilichomshusha ni nini? Kadi yake yenye kikomo cha dola 10,000 ilikuwa imeliwa 9,600. Katika mfumo wa alama unaotumika zaidi kule, asilimia 35 inatokana na historia ya kulipa kwa wakati, na asilimia 30 inatokana na kiasi unachodaiwa ukilinganisha na ulichoruhusiwa kukopa. Ukiijaza kadi mpaka juu, hata kama unalipa kila mwezi, mfumo unakuona mtu aliyebanwa.

Njiani kurudi nyumbani hakuna aliyefungua mdomo. Usiku, watoto walipolala, baba ndiye aliyeanza.

"Mama Mapacha, hebu toa kadi zako zote. Na mimi naweka yangu."

Zilikuwa tatu. Ya baba moja, dola 9,600, riba asilimia 22 kwa mwaka. Za mama mbili. Moja ilikuwa ya kawaida, dola 5,300, riba asilimia 25. Nyingine ilikuwa ya duka, ile anayokupa muuzaji pale kaunta kwa kukuahidi punguzo la siku hiyohiyo, dola 2,100, riba karibu asilimia 30. Jumla ya deni dola 17,000.

"Elfu tano za nini?" baba akauliza.

Mama alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Mama yangu anasafishwa figo. Tangu mwaka juzi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, Baba Mapacha? Wakati ule wa ada ya mdogo wangu si ulisema ndugu zangu wananiona ATM? Nikaona nibebe mwenyewe."

Baba alikuwa na la kusema, akaliacha. Akafungua simu yake, akamwonyesha picha. Msingi wa nyumba, kisha kuta, kisha linta. Kibaha. Alikuwa anajenga kwa kukopa kutoka kwenye kadi, akimtumia kaka yake anayesimamia mafundi.

"Nilitaka iwe sapraizi," akasema.

"Sapraizi ya dola elfu tisa na mia sita."

Walicheka wote wawili, kicheko cha watu waliochoka. Kisha mama akalia. Hakuna aliyehonga kimada, hakuna aliyecheza kamari, hakuna hata aliyenunua cha kujivunia. Wote wawili walikuwa wamezama kwa ajili ya nyumbani, kila mmoja kwa siri, na kila mmoja akiwa na sababu ya kumficha mwenzake. Hilo ndilo lililouma kuliko lile deni.

Kesho yake walipiga hesabu. Deni lile la 17,000 lilikuwa linazaa riba ya karibu dola 340 kila mwezi. Hizo ni zaidi ya laki nane za Kitanzania zinazoondoka bila kununua hata mkate. Kwa miaka miwili ni zaidi ya dola 8,000. Karibu kile kianzio chote walichoulizwa kimekwenda kwa wenye kadi.

Waligundua pia kwamba "kulipa kila mwezi" kulikuwa kunawadanganya. Kadi inakutaka ulipe kiwango cha chini tu, na ukikilipa unajiona mtu mwema. Chukua deni la dola 6,000 kwa riba ya asilimia 24. Riba ya mwezi ni 120. Ukilipa kiwango cha chini cha 180, kilichopunguza deni ni 60 tu. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 inawalazimisha wenye kadi waandike kwenye taarifa ya mwezi itakuchukua muda gani kumaliza deni ukilipa kiwango cha chini peke yake. Maandishi hayo yapo kila mwezi. Mama Mapacha aliyasoma kwa mara ya kwanza usiku ule, akaona miaka, siyo miezi.

Na kulikuwa na shimo lingine. Pesa ya matibabu alikuwa anaituma kwa programu ya simu, akichagua kulipia kwa kadi ya mkopo. Benki nyingi zilizotoa kadi zinahesabu muamala wa namna hiyo kama umetoa taslimu. Kuna ada, riba yake mara nyingi iko juu zaidi, na inaanza kuhesabiwa siku ileile. Ule muda wa kupumua unaoupata ukinunua sukari dukani haupo. Baba naye alikuwa anatoa pesa za mafundi kwenye mashine, kwa mtindo uleule.

Dawa ya deni ni kulipa, wanasema wahenga, lakini wawili hawa kwanza walihitaji kuelewana nani analipa nini. Baba alipendekeza nusu kwa nusu. Mama akakataa, na hoja yake ilikuwa nzito: yeye analipwa kidogo zaidi, na siku mtoto akiugua ni yeye anayepoteza shifti. Wakaishia hapa: kila mmoja anaweka kwenye akaunti ya pamoja senti 60 za kila dola anayopata. Anayelipwa zaidi anatoa zaidi, lakini maumivu yanalingana. Hiyo inaleta karibu dola 5,300, inayotosha kodi, magari, bima, chakula, umeme na ada ya watoto.

Zinazobaki ni 3,500, nazo wakazigawa kwa majina. Madeni 1,400. Dharura 600. Nyumbani Bongo 700. Na kila mmoja 400 ya mfukoni, ambayo haiulizwi. Akitaka kununua wigi, akitaka kwenda kula nyama choma na wenzake, shauri lake.

Mstari ule wa Nyumbani ndio uliochukua usiku mzima. Washauri wa fedha wa kule huwa wanasema kata kwanza matumizi yasiyo ya lazima, na kwao kumtumia shemeji mchango wa harusi si lazima. Kwa Mtanzania, hilo halitekelezeki. Ukiukata mstari huo kwenye karatasi, utarudi kwa mlango wa nyuma, kwenye kadi, usiku, kwa siri. Ndivyo walivyofika pale walipofika. Kwa hiyo wakaupa jina na kiasi. Dola 500 za mama mkwe na matibabu yake, 200 za mengine yote. Ujenzi wa Kibaha ukasimama kwenye linta. Baba ndiye aliyempigia kaka yake simu kumwambia, na mama alikaa pembeni yake akisikia.

Kuhusu kadi zenyewe, walifanya mambo manne.

La kwanza, walipiga simu kwa wenye kadi wakaomba tarehe ya mwisho ya kulipa ihamishwe, zote ziangukie wiki moja, baada ya mishahara kuingia. Wengi wanakubali ukiomba. Mama alikuwa amechelewa kulipa ile kadi ya duka kwa sababu ya shifti za usiku zilizomchanganya siku, wala hakukosa pesa. Tangu taarifa ya mwezi itoke mpaka siku ya mwisho ya kulipa, sheria inakupa angalau siku 21. Mtu anayefanya kazi usiku siku hizo zinayeyuka.

La pili, kiwango cha chini cha kila kadi kikawekwa kikatwe chenyewe kwenye akaunti ya pamoja. Hata wakisahau, hata wakigombana, alama hazishuki. Kuchelewa kwa siku 30 au zaidi kunaandikwa kwenye rekodi yako na kukaa miaka 7. Hakuna ugomvi wa ndoa wenye thamani hiyo.

La tatu, pesa yote ya ziada ilielekezwa kwenye kadi yenye riba kubwa kuliko zote, ile ya duka, mpaka iishe. Kisha ya asilimia 25. Kisha ya baba. Mama aliona aibu kidogo kwamba kadi zake ndizo zinaanza kulipwa, na pesa ya mumewe imo humo. Baba akamwambia, "Riba haijui kadi ni ya nani, inakula chungu kimoja."

La nne, matumizi ya nyumbani yakahamia kwenye kadi ya kawaida ya benki, inayokata pesa uliyonayo. Kadi za mkopo zikawekwa kabatini. Walikubaliana kwamba siku madeni yakiisha watarudi kutumia moja tu, kwa chakula na mafuta, na kuilipa yote kila mwezi, maana ukilipa yote hakuna riba. Kuna jambo moja la kujua hapo. Ukimwongeza mwenzio kama mtumiaji wa ziada kwenye kadi yako, anaweza kuswaipu apendavyo, lakini kwa benki anayedaiwa ni wewe mwenye kadi. Ni imani hiyo, siyo urembo wa mapenzi.

Wakaongeza na sheria moja ya ndani: kitu chochote kinachozidi dola 150, nje ya hela ya mfukoni, anapigiwa mwenzio kwanza. Si kuomba ruhusa, ni kuambizana. Na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, kuna kikao. Chai, maandazi, simu zote mbili mezani, akaunti zimefunguliwa.

Miezi ya mwanzo ilikuwa migumu kuliko hesabu. Mwezi wa tatu kaka wa baba alipiga simu, mchango wa harusi, na akataja kiwango kabisa. Zamani baba angejibu "sawa kaka" papo hapo, halafu aende kwenye mashine. Safari hii akasema, "Tutakaa na mama watoto, nitakujibu Jumapili." Kaka akacheka, akauliza siku hizi nani anavaa suruali humo ndani. Neno hilo lilimkaa baba wiki nzima. Jumapili walituma dola 150, na harusi ilifungwa. Kaka alinuna miezi miwili.

Mama naye aliteleza. Kulikuwa na vitenge vya sare, dola 180, akavilipia na kadi ya duka ambayo ilikuwa imeshafika sifuri. Alisema mwenyewe kwenye kikao kabla hajaulizwa. Baba alikasirika, akatoka nje, akazunguka gari mara mbili tatu, akarudi. Zikakatwa kwenye hela ya mfukoni ya mama, mwezi uleule, na kadi ile wakaikata kwa mkasi.

Mwezi wa saba simu ilikuja saa kumi alfajiri. Mama mzaa chema alikuwa amefariki.

Wanaoishi ughaibuni wanaijua simu hiyo na wanajua kinachofuata. Kabla machozi hayajakauka mtu anatafuta tiketi, na tiketi ya kesho haina huruma. Wengi wanaiswaipu kwenye kadi bila kutazama bei, na mwaka mzima baadaye wanaendelea kulipa riba ya safari ya kwenda kuzika. Kwenye mfuko wa dharura kulikuwa na dola 4,200. Tiketi ilikuwa 1,850. Baba ndiye aliyeinunua, na ililipwa yote siku ileile. Mama aliondoka jioni. Kwenye pochi alikuwa na pesa ya msiba kutoka mstari wa Nyumbani, na hakuwa anadaiwa na mtu kwa ajili ya safari hiyo.

Aliyempokea uwanja wa ndege Dar es Salaam alikuwa shemeji yake, yule kaka aliyenuna. Alikuwa amekodi gari na ameshakaa msibani tangu siku ya kwanza.

Mama alikaa wiki tatu bila malipo ya kazini. Kwa miezi miwili walilipa madeni kidogo kuliko walivyopanga, na ile miezi 15 waliyokuwa wamepiga ikawa 17. Kadi ya mwisho, ya baba, ilifika sifuri. Hiyo hawakuifunga, maana ndiyo ya zamani kuliko zote na umri wa akaunti nao unahesabiwa kwenye alama. Ile doa la kuchelewa la mama bado lipo na litakaa mpaka miaka yake itimie, ingawa kila mwaka linapungua nguvu.

Nyumba ya dola 260,000 ilishauzwa kwa watu wengine. Sasa zile 1,400 za madeni zinakwenda kwenye akaunti ya kianzio, na kwa mwendo huo miezi 7 itawapa kile walichokosa miaka sita. Safari hii wote wawili wanajua iko akaunti gani na ina shilingi ngapi.

Kuelewana kwenyewe bado ni kazi. Baada ya mazishi, zile 500 za matibabu zimebaki hazina mwenyewe. Mama anataka zimsomeshe mdogo wake wa mwisho, yule wa ile ada iliyoleta maneno. Baba anataka Kibaha iezekwe kabla mvua hazijaharibu kuta. Kila mmoja ana hoja, na kila mmoja ameshaiandaa. Jumapili ya kwanza ya mwezi haiko mbali.